Nyumba ya Kwanza Mombasa: Uijenge ya Chini au ya Ghorofa?

Wengi huanza na picha. Mtu ameona nyumba ya ghorofa yenye roshani pale Nyali au Bamburi, akaihifadhi kwenye simu, kisha anatafuta fundi wa kumjengea kama ile. Wewe anzia kwingine: hati ya ardhi, futi ya kupimia, shimo la majaribio na orodha ya watakaolala humo. Hayo manne yakishajibiwa, swali la chini au juu mara nyingi huwa limeshajijibu lenyewe, na picha ya kwenye simu itakusaidia kuchagua rangi ya geti.

Humu, nyumba ya chini ni ile ya sakafu moja. Ya ghorofa ni ile yenye sakafu ya chini na nyingine moja juu yake, zikiunganishwa kwa ngazi. Msimamo tunautoa mapema: kwa nyumba ya kwanza ya vyumba viwili au vitatu, kwenye ploti ya futi 40 kwa 80 au zaidi, jenga chini. Ghorofa ina haki yake pale ploti ilipobana, pale sakafu moja itakapoingiza kodi, au pale ndugu wawili wanapogawana kiwanja kimoja. Sababu kubwa ni slabu ya katikati, yaani bamba la zege linalotenganisha chini na juu, na hewa yetu ya chumvi. Tutaifikia kwenye hatua ya 7, nayo ndiyo hatua ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Soma hati

Hapa Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake. Ukuta na paa ni vyake, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi hulipwa. Mpango huo wa nyumba bila ardhi uko Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko, na kwa desturi mwenye ardhi aliruhusu nyumba nyepesi ya chini, isiyo ya kudumu. Ukiwa kwenye ardhi ya namna hiyo, usimwage slabu. Mkikosana na mwenye ardhi, mabati na mbao hubebeka, zege halibebeki. Ama ununue ardhi kwanza, ama upate idhini ya maandishi iliyopita kwa wakili, inayoitaja ghorofa waziwazi, si neno "ujenzi" peke yake.

Hati ikiwa yako, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi uhakikishe jina, ukubwa, na kama pana deni au zuio. Ikiwa ni ya kukodi kwa miaka, hesabu miaka iliyobaki, kwa sababu benki nayo itaihesabu. Kisha mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, mguu kwa mguu. Nyumba ya chini iliyovuka mpaka kwa nusu mita ni ugomvi; ghorofa iliyovuka ni kesi.

Idara ya mipango ya Kaunti ya Mombasa iulize mambo matatu kabla ya kumlipa mchoraji: umbali wa kuacha kila upande, sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, na idadi ya sakafu zinazokubaliwa mtaani kwako. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Huko hata kuongeza dari kunapitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Walio karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, upande wa Port Reitz, waulizie pia kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA).

Hatua ya 2: Geuza futi ziwe mita

Ploti huku huuzwa kwa futi na nyumba huchorwa kwa mita, na hapo katikati ndipo watu hupotelea. Tuseme masharti yanataka mita 4.5 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila ubavu. Huo ni mfano wa hesabu tu; masharti ya mtaa wako ndiyo yatakayotumika.

- Futi 50 × 100 ni mita 15.2 × 30.5. Pa kujenga panabaki mita 12.2 × 23, kama mita za mraba 280.
- Futi 40 × 80 ni mita 12.2 × 24.4. Panabaki 9.2 × 16.9, mita za mraba 155.
- Futi 30 × 60 ni mita 9.1 × 18.3. Panabaki 6.1 × 10.8, mita za mraba 66 tu.

Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na vyoo viwili huchukua mita za mraba 110 hivi. Ongeza baraza ya 15. Kwenye 40 kwa 80 inaingia na ua unabaki. Kwenye 30 kwa 60 haiingii hata ukiisukuma, na hapo ghorofa inakuwa ndiyo njia pekee ya kupata vyumba vitatu. Mstari wa kuamua uko katikati ya ploti hizo mbili.

Usisahau maji taka. Pasipo bomba la maji taka la mji, utahitaji tangi la maji taka na shimo la kunyonyea, na mahali ambapo gari la kunyonya litaweza kufikisha mpira wake. Kanuni inayofuatwa sana ni kuacha walau mita 30 kati ya kisima na shimo la maji taka. Sasa pima 40 kwa 80 kona kwa kona: mita 27. Kwa hiyo kisima na shimo ndani ya ploti hiyo moja havipatani, uwe umejenga chini au juu. Mwamba wa matumbawe una matundu na hupitisha uchafu upesi kuliko udongo mzito, basi kisima cha ploti ndogo kiwe cha kuoshea na kumwagia chooni, si cha kunywa.

Hatua ya 3: Chimba kabla ya kuchora

Chimbisha mashimo mawili au matatu ya kina cha mita 1.5 hadi 2, moja likiwa katikati ya pale nyumba itakapokaa. Ni kazi ya siku moja ya vibarua wawili, na ndiyo pesa ndogo yenye faida kubwa kuliko zote utakazotumia.

Kisiwani na ukanda wa ufuoni utakutana na matumbawe. Ni msingi mzuri, ila yana mapango: gonga sakafu ya shimo kwa mtaimbo, na ukisikia mlio wa uwazi, mhandisi aje aone kabla hujaendelea. Kwenye mchanga mwekundu au mweupe wa bara, kingo za shimo huporomoka na msingi hutaka kupanuliwa. Upande wa magharibi, Changamwe, Miritini na Jomvu, kuna udongo uliotokana na mwamba laini wa tabaka: kiangazi cha kaskazi hupasuka nyufa, masika hunywa maji na kuvimba. Udongo huo huinua kona moja ya nyumba na kuiacha nyingine. Nyumba ya chini ikiinuliwa hivyo, utaona ufa juu ya dirisha. Ghorofa ikiinuliwa, bimu, yaani mihimili ya zege, nazo husokotwa.

Kwa kuanzia mazungumzo na mhandisi: nyumba ya chini kwenye ardhi ngumu huhitaji msingi wa mkanda wa zege wenye upana wa milimita 600 na unene wa 200, chini ya kila ukuta unaobeba. Ghorofa huhitaji nguzo zenye vitako vyake, yaani misingi mipana ya zege chini ya kila nguzo. Nguzo ya katikati inayobeba eneo la mita 4 kwa 4, ukihesabu slabu, kuta za juu, paa na watu, hufikisha tani 20 hivi. Kwenye kitako cha mita 1.2 kwa 1.2 hiyo ni kama tani 14 kwa kila mita ya mraba. Matumbawe mazima hubeba uzito huo bila shida. Udongo laini hautaubeba, na kitako kitapaswa kupanuka. Fundi anayekupa kipimo cha kitako kabla ya kuona shimo anakisia.

Hatua ya 4: Orodhesha watakaolala

Andika majina na umri, kisha ongeza miaka kumi kwa kila mmoja. Mama anayepanda ngazi leo akishika goti, baada ya miaka kumi hatapanda. Ukijenga ghorofa, chumba kimoja cha kulala na choo chenye bafu viwe chini, milango yake iwe na upana wa milimita 900, wala pasiwe na kizingiti. Hilo halina mjadala. Nyumba isiyo na chumba cha chini humlaza mzee sebuleni.

Fikiria wageni pia. Hitima, arusi, futari ya Ramadhani: watu hukaa chini, wanaume barazani, wanawake ndani na uani. Nyumba ya chini kwenye ploti kubwa hugawa nafasi hizo vizuri, lakini kwenye ploti ndogo itakula ua wote na wageni wataishia barabarani. Ghorofa huuacha ua.

Halafu jirani. Roshani ikitazama ua wake, wanawake wa nyumba ile hawataanika nguo bila kujitanda, na salamu zitapungua. Upande huo weka dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1.6 kutoka sakafuni, au ukuta wa matofali ya matundu. Kwa ajili ya watoto, kinga ya roshani na ngazi iwe na urefu wa mita 1 hadi 1.1, nondo zake zisimame wima, na mwanya usizidi milimita 100. Nondo za kulala ni ngazi ya pili kwa mtoto wa miaka mitatu.

Ngazi yenyewe inakula nafasi kuliko picha inavyoonyesha. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, yaani vipandio 18 vya milimita 167. Ukizikunja mara mbili, tisa na tisa, na pa kukanyaga pawe milimita 270, utahitaji mita 3.2 kwa 2.1, chini na juu. Tia nafasi ya kuingilia ngazi, ukumbi mdogo wa juu na choo cha wageni cha chini: nyumba ileile ya mita 110 imekuwa ya 130, bila chumba hata kimoja kuongezeka. Mchoro ukikuonyesha ngazi zinazoingia kwenye mita 2 kwa 2, vipandio vimeinuliwa hadi milimita 200 na zaidi. Kabati la nguo halitapita, wala jeneza.

Kwa wanaotaka kodi, ghorofa hulipa iwapo itatenganishwa tangu kwenye mchoro: ngazi ya nje, mita ya umeme ya pili, mita ndogo ya maji, na tangi la maji taka lililohesabiwa kwa familia mbili. Kuja kutenganisha baadaye ni kubomoa.

Ndugu wanaojenga pamoja waandikiane kabla ya kuchimba: nani amelipia msingi, paa ni la nani, na mwenye haki ya kuongeza juu ni yupi. Sheria ya mwaka 2020 ya mali zilizogawanywa kwa sehemu (Sectional Properties Act) inaruhusu kila sakafu kuwa na hati yake. Pasipo maandishi, mzee akifa shauri hufika kwa Kadhi au mahakamani, kila mtu na risiti zake za mabati mkononi.

Hatua ya 5: Joto na upepo

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa utosini kabisa, kwa hiyo paa ndilo linalopokea moto, na kuta za mashariki na magharibi hupokea asubuhi na jioni. Nyumba ya ghorofa ina chini kwenye ubaridi, kwa kuwa sakafu ya juu inaikinga, na juu penye upepo lakini joto la paa. Kama dari la mwisho ni slabu tupu isiyokingwa, zege hulinywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, saa zilezile unazotaka kulala. Watu wengi waliopanda juu kufuata upepo wameishia kununua mashine ya kupoza hewa.

Kwa nyumba yoyote ile, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Madirisha makubwa yapokee kusi inayovuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi inayotoka kaskazini-mashariki, na kila chumba kiwe na tundu la pili la kutolea hewa; upepo usiokuwa na pa kutokea hauingii. Upenu wa paa utoke milimita 900. Mabati yawe ya rangi nyepesi, dari iwe na nafasi inayopumua juu yake. Ghorofa ina shida ya ziada hapa: upenu wa juu haukingi madirisha ya chini na jua wala mvua ya kusi, hivyo nayo yanataka vikinga vyake.

Hatua ya 6: Maji

Bomba la mji haliji kila siku, basi tangi ni sehemu ya nyumba. Kitako cha tangi kiwe walau mita 2 juu ya bomba la kuogea lililo juu kuliko yote. Kwa nyumba ya chini hiyo ni mita 4.5 kutoka ardhini: mnara mdogo wa chuma au wa matofali watosha. Kwa ghorofa ni mita 7.5, na lita 2,000 ni tani mbili zinazokaa huko juu. Lazima ziwemo kwenye hesabu za mhandisi. Tangi likipandishwa paani baada ya ujenzi, juu ya mbao za paa, mbao hupinda na mabati huanza kuvuja kwenye misumari.

Mvua ni upande ambao nyumba ya chini inashinda waziwazi. Paa la mita za mraba 170 likipata milimita 10 za mvua hutoa zaidi ya lita 1,300, hata ukiondoa zinazopotea. Paa la ghorofa ya vyumba vilevile hutoa zaidi kidogo ya nusu yake. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Mei ukiongoza.

Hatua ya 7: Slabu ya katikati

Chukua ghorofa yetu ya mita 130, yaani 65 chini na 65 juu. Slabu ya milimita 150 pamoja na bimu zake hufikia mita za ujazo 13 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 104 ya saruji ya kilo 50. Chuma ni tani 1.3 hivi, sawa na vipande 120 vya milimita 12 vyenye urefu wa mita 12. Uzito wote ni tani 31, juu ya vichwa vya wanaolala chini, kwa miaka hamsini. Nyumba ya chini haina kitu hiki. Ina linta za juu ya milango na madirisha na bimu ya kufungia kuta, na hizo zikiharibika hurekebishwa kwa kipande.

Adui ni chumvi. Ikilifikia chuma ndani ya zege, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Zege halivutiki, basi hupasuka kwa mstari ulionyooka kufuata chuma, kisha vipande huanguka. Chumvi huingia kwa njia nne, na zote unaweza kuzifunga:

Mchanga. Usinunue mchanga wa ufuoni kwa zege lenye chuma, hata ukiambiwa umenyeshewa. Muulize dereva wa lori umetoka wapi, na ukitilia shaka mwambie arudi nao.

Maji. Visima vingi vya huku ni vya maji chumvi. Kipimo cha kwanza ni ulimi: ukionja chumvi, hayo ni ya kulowesha njia, si ya kukorogea. Nunua boza la maji matamu kwa siku ya slabu, na kipimo kisizidi lita 25 kwa mfuko mmoja. Vibarua hupenda kuongeza ili zege liteleze. Kila ndoo ya ziada huacha vinyweleo ambavyo chumvi itapitia baadaye.

Unene wa zege linalofunika chuma. Ndani ya nyumba milimita 25. Bimu na nguzo za nje, na roshani, 40. Msingi 50. Chuma hakilali juu ya mbao; kinainuliwa na biskuti za saruji zilizotengenezwa kwa unene huo, moja kila mita. Kokoto iliyochomekwa chini ya chuma si biskuti, huteleza mtu akikanyaga.

Chuma chenyewe. Kikikaa miezi mitatu chini wazi kikipigwa na upepo wa bahari, huvuliwa maganda. Kinunue karibu na siku ya kufunga, kiinue juu ya mbao, kifunike, na maganda yoyote yasuguliwe kwa burashi ya waya.

Sasa siku yenyewe. Mabomba ya vyoo vya juu yawe yameshatobolewa njia kabla ya kumwaga; fundi wa bomba akija baadaye na patasi atakata chuma ulichokilipia. Anza alfajiri, kwa mashine ya kukorogea na poka ya kutikisa zege, na umalize siku hiyohiyo. Kaa upande wa roshani uangalie jambo moja. Roshani inayoning'inia bila nguzo huvutika upande wa juu, kwa hiyo chuma chake kikuu hukaa juu, karibu na uso wa slabu. Vibarua wenye wilbaro hukikanyaga kikalala chini, zege likakifunika, na kwa macho hakuna tofauti. Mbao zikitolewa, roshani hupata ufa pale inapoungana na nyumba, au huanguka kabisa. Weka mbao za kupitia wilbaro juu ya vigoda, na mtu mmoja kazi yake iwe kuinua chuma tu.

Jioni ileile anza kumwagilia, kwa sababu kaskazi hukausha uso wa zege kabla ya Isha. Magunia mabichi au vijiwigo vya mchanga vya kuzuilia maji, siku 7 bila kukosa, 14 ikiwezekana. Nguzo za muda zibaki siku 21, isipokuwa mhandisi ameandika vingine. Na siku ya kumwaga, jaza zege hilo kwenye vipande vya majaribio vya milimita 150 kila upande, vingine vivunjwe maabara siku ya 7, vingine ya 28. Namba zikirudi chini, bado una nafasi ya kuzungumza kabla kuta za juu hazijapanda.

Matofali ya matumbawe yasibebe slabu peke yake. Jiwe moja ni gumu, la pili unalikwaruza kwa kucha. Mzigo unataka nguzo na bimu za zege, matumbawe yawe ya kujaza tu. Na ufa wa slabu hauzibwi kwa plasta.

Mlolongo huo wa kazi ukikuchosha kuusoma, basi umepata jibu lako. Anayejenga akiwa Nairobi au Doha, akisimamia kwa picha za WhatsApp, tunamshauri ajenge chini.

Hatua ya 8: Linganisha pesa kwa haki

Usilinganishe kwa bei ya mita ya mraba unayosikia mtaani. Mpe mkadiriaji michoro miwili ya vyumba sawa akutolee BQ mbili, yaani orodha za vifaa na kazi pamoja na bei zake. Utaona yafuatayo: nyumba ya chini inakula paa na msingi. Ile ya 110 na baraza yake, pamoja na upenu, hufunikwa na mabati ya mita za mraba 180 hivi. Ghorofa huridhika na 105. Ghorofa nayo inakula slabu, ngazi, nguzo, mbao za kumwagia, kiunzi cha nje cha mafundi, mabomba marefu na zile mita 20 za ziada. Kwa nyumba ndogo, upande wa pili ndio hushinda kwa uzito. Ardhi ikiwa ghali mno na ploti ikawa ndogo, mizani hugeuka, kwa kuwa ghorofa inakuepusha na kununua ploti kubwa.

Jambo ambalo BQ haionyeshi ni kusimama katikati. Nyumba ya chini unaweza kuihamia vyumba viwili na choo vikiwa tayari, vingine ukavimalizia kidogokidogo kila ukipata. Ghorofa iliyosimama kwenye slabu haina paa wala amani. Akiba ya dharura: asilimia 10 kwa ya chini, 15 kwa ya ghorofa.

"Nitajenga chini sasa, juu nitaongeza baadaye"

Ni mpango mzuri ukifanywa kamili, na ni hasara ukifanywa nusu. Kamili maana yake vitako, nguzo na slabu vimehesabiwa kwa sakafu mbili tangu mwanzo, michoro ya zote mbili imepitishwa, na pa ngazi pameachwa. Nusu ni kuacha vyuma vikichomoza juu ya paa na kumwomba Mungu. Vyuma hivyo hupukutika kwa chumvi, na kutu huteremka ndani ya nguzo. Vifunike kwa zege hafifu litakalobomolewa siku ya kuendelea. Slabu itakayokaa kama paa iwekewe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kizuia maji juu yake, na njia mbili za kutolea maji, maana moja itaziba kwa majani ya mkungu. Kama huna uhakika utapanda ndani ya miaka mitano, tia paa la mabati usahau ghorofa.

Ukinunua iliyokwisha jengwa

Nenda mara mbili: saa tisa alasiri upande vyumba vya juu madirisha yakiwa yamefungwa, na tena usiku saa tatu. Chukua tochi na nyundo ndogo. Chini ya slabu na chini ya roshani, mulika kwa ubavu. Mistari ya rangi ya kahawia iliyonyooka, ikifuatana kila sentimita 15 au 20, ni vyuma vinavyooza. Gonga: mlio wa uwazi maana yake zege limeachana na chuma. Rangi mpya kwenye dari moja tu ya nyumba nzima iulizie kwa upole. Fungua mabomba yote ya juu kwa dakika kumi, vuta vyoo, kisha shuka uangalie dari zilizo chini yake. Pima vipandio vitatu vya ngazi. Vikitofautiana zaidi ya sentimita moja, watu watajikwaa kila siku. Nyumba ya chini ikague msingi, mchwa na miisho ya mabati.

Vibali

Ruhusa ya ujenzi hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, michoro ikiwa imetiwa saini na msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na NEMA, mamlaka ya mazingira, iulizwe kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Ghorofa hukaguliwa kwa hatua: msingi, nguzo, vyuma vya slabu kabla ya kumwaga. Kila ukaguzi upate saini na tarehe, na karatasi hizo, pamoja na majibu ya vipande vya majaribio, zikae bahasha moja na hati. Benki itaziulizia ukija kukopa kwa nyumba hiyo, na mnunuzi mwerevu naye atazitaka.